Kokteli ya Barafu ya Embe, Nanasi na Pasheni kwa Wageni wa Sikukuu

Mgeni wa sikukuu hapa Unguja haji kwa miadi wala haji peke yake. Sala ya Idi ikishamalizika, mlango hauna tena kazi ya kufungwa: wanaingia majirani, wanaingia watoto wa ndugu na nguo zao mpya wakisubiri mkono wa Idi, na baada ya adhuhuri, kabla watoto hawajapelekwa kwenye viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja au, kwa walioko Pemba, vya Tibirinzi, wanafika jamaa wa shamba waliokaa ndani ya daladala saa nzima kwenye jua kali. Wote hupewa biriani, visheti na vileja, kisha hupewa soda. Kutoa soda si kosa, lakini katika visiwa vyenye maembe, mananasi, madafu na ndimu naona ni uvivu kidogo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza kokteli ya matunda iliyoganda nusu, ile inayonywewa kwa mrija mnene au kuliwa kwa kijiko, kwa kiasi cha gilasi 12, bila ya kileo na bila ya mashine za hotelini.

Kwa nini nyingi huharibika

Kokteli za barafu zina asili yake katika visiwa vya Karibi. Daiquiri ni ya Cuba, na piña colada ni ya Puerto Rico, ambako mwaka 1978 ilitangazwa kuwa kinywaji rasmi cha kisiwa. Zote mbili hutiwa ramu, na ramu hiyo, mbali na kulewesha, ina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Kileo kitupu hakigandi mpaka kifike kiasi cha nyuzi 114 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa hiyo kikichanganywa na maji, huyazuia maji hayo yasishikane yakawa jiwe, na kinywaji hubaki laini hata kikikaa ndani ya friza. Mtu wa kwetu akiuchukua utaratibu huo huo, akaiondoa ramu tu na kubakisha juisi na barafu, hupata moja kati ya mambo mawili: ama maji ya baridi yenye vipande vinavyogonga meno, ama bonge lisilotoka ndani ya chombo bila ya kupigwa mchi.

Kilichokosekana hapo ni kitu cha kushika nafasi ya ramu, na kwetu kitu hicho ni sukari. Sukari iliyoyeyuka huteremsha kiwango cha kuganda cha maji, ingawa si kwa nguvu ya kileo, na nyama ya tunda lenyewe huzifunga punje za barafu zisikue zikawa kubwa. Ndiyo maana shira haimo humu kwa ajili ya utamu peke yake, na anayeipunguza sana kwa kuwaonea huruma wageni wake huishia kuwapa barafu ya kutafuna.

Kosa la pili ni kutia barafu ya maji. Kokteli iliyosagwa na barafu ya maji huwa nzuri kwa dakika tano za mwanzo, kisha huanza kujitenga, povu juu na maji chini, na mgeni aliyekuwa akizungumza kidogo akirudi kwenye gilasi yake hukuta kitu kisicho na ladha. Dawa yake ni nyepesi: barafu iwe ni tunda lenyewe. Embe ligandishwe, nanasi ligandishwe, hata maji ya dafu yagandishwe, ili kila kinachoyeyuka ndani ya gilasi kiwe bado ni kinywaji. Ukilishika hili, mengine yote yaliyomo katika mwongozo huu unaweza kuyabadilisha upendavyo.

Kuchagua matunda, na lini yachaguliwe

Sikukuu zetu hufuata mwezi mwandamo, hivyo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida. Idi-el-Fitri ya 2024 ilisaliwa Aprili 10, ya 2025 ikawa mwishoni mwa Machi, na kwa miaka michache inayofuata itazidi kujisogeza kwenye kiangazi na kisha kwenye Januari. Maembe hayafuati mwezi mwandamo. Msimu wake mkubwa ni kuanzia Novemba hadi Februari, na anayengoja mpaka wiki ya sikukuu ndipo aende sokoni anaweza kukuta yaliyobaki ni machache, ghali na yenye mabaka. Kwa hiyo wakati wa kununua maembe ya Idi ni pale yanapomwagwa chini sokoni kwa bei ya kutupa, hata ikiwa sikukuu bado ni miezi miwili au mitatu. Embe lililogandishwa vizuri hukaa miezi kadhaa, na kwa kazi hii halipungukiwi na kitu, kwa sababu tungeligandisha vyovyote.

Embe linalofaa ni boribo. Nyama yake ni nyingi, rangi yake ni ya manjano iliyokolea, na halina nyuzi. Boribo za Muyuni, zikipatikana, hazina mshindani. Dodo pia linafaa, ila liache liive mpaka karibu na kokwa. Embe za nyuzi, hata ziwe tamu namna gani, ziachie watoto wazifyonze, kwani nyuzi zake hujizungusha kwenye visu vya blenda na mwishowe huingia kwenye mrija wa mgeni. Pale Darajani, katika soko lililojengwa mwaka 1904, nina kijana mmoja ninayemnunulia kila msimu, na kila msimu mazungumzo yetu ni yale yale. Humwambia, "Mwanangu, hizi ni boribo zote au umenitilia na nyengine chini?" Naye hujibu, "Mama, kwako wewe nitathubutu?" Kisha hupindua kikapu mwenyewe, na chini hutoka mbili tatu ambazo si boribo, akacheka na kunipa hizo bure. Nakushauri nawe ukipindue kikapu.

Nanasi lichague kwa pua: linuse kwenye kitako, na kama halinukii kitu, jua kwamba lilikatwa mapema na utamu wake hautaongezeka nyumbani, kwani nanasi huacha kujitia sukari mara tu linapokatwa kwenye shina. Pasheni ni kinyume cha matunda mengi, kwa kuwa iliyokunjamana ndiyo iliyoiva, na ile laini inayong'aa bado ni kali. Madafu yawe machanga, yenye nyama laini kama ute. Dafu lililoanza kukomaa kuwa koroma maji yake hupoteza utamu.

Kiasi cha gilasi 12

Kwa gilasi 12 za mililita 200 unahitaji kilo moja ya nyama ya embe iliyokwisha kumenywa, ambayo hutoka katika maboribo matatu au manne makubwa, nusu kilo ya nyama ya nanasi, yaani nanasi moja la wastani, pasheni 12 hadi 15, maji ya madafu mawili, yapate mililita 500, ndimu tatu, gramu 200 za sukari na maji mililita 200 kwa ajili ya shira, punje sita za iliki, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Majani ya nanaa ni ya hiari, nami huyatia juu tu, kwa sababu yakisagwa ndani hugeuza rangi ya manjano ikawa ya tope.

Siku mbili kabla ya sikukuu

Kazi ya kwanza ni kugandisha, nayo haitaki kuachwa mpaka usiku wa kuamkia Idi, wakati friza imejaa nyama na kila mtu ndani ya nyumba anaifungua kila baada ya dakika tano. Menya maembe na nanasi, toa moyo mgumu wa nanasi pamoja na macho yake yote, kisha kata vipande vya ukubwa wa kete ya kashata, visizidi sentimita mbili kila upande. Ukubwa huu una maana yake. Kipande kikubwa hushinda kisu cha blenda ya nyumbani, na kidogo mno huyeyuka kabla ya kusagika.

Tandaza vipande juu ya sinia lililowekwa karatasi ya kuokea, kimoja mbali na kingine visigusane, na uliingize sinia ndani ya friza kwa saa sita hadi nane. Asiye na karatasi atumie jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea. Vipande huachia bila ya taabu ukilipinda. Vikishakuwa vigumu kama kokoto, vikusanye kwenye makopo yenye vifuniko na uvirudishe. Wanaorundika matunda mabichi moja kwa moja ndani ya kopo hutoa tofali moja la embe siku ya pili, nami nimewahi kulivunja tofali la namna hiyo kwa kisu nikajikata kidole, siku ya Idi mosi, kanga mpya ikaingia damu. Dakika kumi za kutandaza zina faida.

Maji ya dafu yachuje, uyagandishe kwenye vibao vya barafu. Kama madafu hayakupatikana, tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa, ukayachanganya na juisi ya nanasi. Usinunue barafu ya mapande inayouzwa kwa ajili ya samaki ukaitia ndani ya kinywaji, hata uioshe mara saba, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya kunywewa, na maji yasiyo salama hayasafiki kwa kuganda; vijidudu vingi huhimili baridi na huamka barafu inapoyeyuka.

Siku moja kabla: shira na pasheni

Shira ya kokteli si ile nzito ya kaimati. Tia sukari na maji kwa vipimo sawa katika sufuria, zipondeponde iliki uziongeze pamoja na maganda yake, uweke moto mdogo na kukoroga mpaka usione tena punje ya sukari chini. Ikichemka mara moja inatosha. Ikiendelea kuchemka itakuwa nzito, na vipimo vyako vyote vitaharibika. Ifunike ipoe na iliki yake ndani, kisha ichuje na uitie kwenye friji. Shira ya moto haitiwi kwenye matunda yaliyoganda, jambo ambalo ningeona haya kulisema kama nisingeliona likifanywa.

Pasheni zikate katikati, ukomoe nyama yake kwa kijiko ndani ya chujio lililowekwa juu ya bakuli, uongeze vijiko viwili vya maji, halafu uisugue kwa mgongo wa upawa mpaka mbegu zibaki kavu. Usizisage pasheni ndani ya blenda kwa kasi, kwani mbegu zikivunjika hutoa uchungu na vipande vyeusi vinavyoonekana kama uchafu. Utapata karibu kikombe kimoja cha maji ya pasheni. Changanya na maji ya ndimu na ile chumvi, uweke kwenye friji. Chumvi hii haitasikika, ila ikikosekana utamu wa embe huwa umelala.

Jambo la mwisho la siku hiyo ni kuziweka gilasi ndani ya friji. Kokteli ikimiminwa kwenye gilasi iliyotoka kabatini katika joto la Machi, nusu ya kazi yako hupotea kabla sinia halijafika barazani.

Siku yenyewe: kusaga

Gawa kila kitu mafungu manne, kwa sababu jagi la blenda ya kawaida halichukui zaidi ya lita moja na nusu, na hata lingechukua, halisagi vizuri likijaa. Kila fungu litatoa gilasi tatu. Toa matunda kwenye friza uyaache nje dakika tano. Hayatayeyuka, ila makali ya ugumu yatapungua.

Anza na vitu vya maji: robo ya mchanganyiko wa pasheni na ndimu, na shira kiasi cha vijiko vinne vya kulia. Juu yake tia robo ya maji ya dafu yaliyoganda, na mwisho vipande vya embe na nanasi. Mpangilio huu usiugeuze. Maji yakiwa chini, kisu hupata pa kuzungukia na huvuta matunda taratibu. Matunda yakitangulia, kisu huzunguka katika uwazi mtupu huku juu kumekaa kimya, na mashine huanza kunguruma bila ya kufanya kitu.

Washa na uzime, washa na uzime, mara nane au kumi, sekunde mbili mbili, mpaka vipande vikubwa vivunjike. Hapo ndipo uiache izunguke kwa sekunde ishirini au thelathini. Ikikwama, zima kabisa, toa waya ukutani, kisha ndipo uingize mwiko kukoroga. Usiongeze maji kwa papara. Kijiko kimoja cha shira kinatosha kuikwamua, na kila tone la maji linalozidi ni hatua moja ya kurudi kwenye juisi ya kawaida.

Utajuaje kwamba imefika? Chota kijiko kimoja uweke juu ya kisahani kikavu. Iliyo sawa husimama kama kichuguu kidogo, ukiinamisha kisahani hutembea taratibu kwa pamoja, na pembeni yake hakutoki maji. Ikisambaa mara moja, imepungukiwa na tunda lililoganda. Ongeza vipande vichache usage tena. Ikikaa tu bila ya kusogea na ukiionja ina mchanga mchanga wa barafu, imepungukiwa na shira. Onja pia utamu wakati huu, ukikumbuka kwamba ulimi uliopigwa na baridi husikia utamu pungufu: kokteli inayokuonekea tamu kidogo kupita kiasi kabla ya kupoa zaidi ndiyo itakayokuwa sawa kwenye gilasi. Shira yote isikulazimu kuisha. Maembe ya mwezi Januari yana sukari zaidi kuliko yale ya mwishoni mwa msimu, na kiasi kitakachobaki kitafaa kwa fungu jengine.

Fungu likishasagwa, limimine kwenye chombo chenye kifuniko na uliweke ndani ya friza wakati unasaga yanayofuata. Linaweza kukaa humo saa moja hadi mbili likabaki laini, mradi ulikoroge kwa uma mara moja katikati. Kuacha usiku kucha kutalifanya gumu zaidi. Hata hivyo halijaharibika, liache nje dakika ishirini, ulivunjevunje kwa uma, usage tena kidogo.

Blenda ikishindwa, au umeme ukikatika

Idi moja, ya pili yake, nilikuwa na wageni kumi na wanne wamekaa kwenye mkeka, nami jikoni nimeijaza blenda mpaka juu ili nimalize haraka. Ilinguruma, ikanyamaza, kisha kikatoka kimoshi chembamba chenye harufu ya mpira ulioungua. Kosa lilikuwa langu, kwani mashine ilikuwa ya wati 300, ya kusagia nyanya na tungule, nami nimeibebesha mzigo wa mawe. Mashine ya kazi hii iwe ya wati 600 au zaidi, na ikiwa unayo ndogo, igawie mafungu manane badala ya manne na uipumzishe dakika mbili kati ya fungu na fungu.

Siku hiyo niliokolewa na uma. Ponda matunda yasiyogandishwa kwa mchi au yapitishe kwenye chujio mpaka yawe uji, uchanganye na shira, pasheni, ndimu na maji ya dafu, umimine kwenye sinia pana kwa kina cha sentimita mbili, na uingize ndani ya friza. Baada ya dakika arubaini pembeni kutaanza kuganda. Kwangua kwa uma ukielekeza katikati, rudisha, na urudie kila nusu saa mara nne au tano. Kinachotoka si laini kama cha blenda, kina vichembe vidogo vinavyong'aa, na wapo wageni wangu ambao tangu siku ile huniulizia kile cha uma. Kwa njia hii anza asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, na umwachie kazi ya kukwangua kijana mmoja aliyetulia.

Kuhusu umeme, visiwa vyetu hupata nguvu yake kutoka bara kwa nyaya zinazopita chini ya bahari, na waliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 hawajasahau ile miezi mitatu ya giza. Siku hizi hukatika kwa saa, si kwa miezi, lakini saa mbili za siku ya sikukuu zinatosha kukuaibisha. Friza iliyojaa sawasawa hushika baridi yake hadi saa 48 isipofunguliwa, na iliyojaa nusu hushika saa 24, kwa hiyo nafasi tupu ijaze chupa za maji, na umeme ukiondoka usifungue kuangalia kama bado vimeganda.

Wazee walikuwa na njia isiyohitaji umeme kabisa mradi kuna barafu ya kununua, na hapa ile barafu ya samaki inaruhusika, kwa sababu haigusani na kinywaji. Ponda barafu, changanya vipimo vitatu vyake na kipimo kimoja cha chumvi ya mabonge, ambayo Pemba wanaitengeneza vizuri kabisa, ujaze ndani ya ndoo, kisha uzamishe katikati yake sufuria yenye mchanganyiko wako wa matunda, mdomo ukiwa juu na umefunikwa. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke, na katika kuyeyuka huko barafu hunyonya joto kutoka kwenye sufuria, ikateremka chini sana ya sifuri. Izungushe sufuria kwa mikono na ukwangue pembeni kwa mwiko kila baada ya dakika chache. Kwa muda wa dakika thelathini hadi arubaini utaona mwiko unaanza kuwa mzito. Angalia tu tone la maji ya chumvi lisiingie ndani, maana likiingia hakuna shira itakayolificha.

Matunda mengine, na yale ya kuepuka

Bungo, kwa wanaolijua, ni bora kuliko pasheni: lina ukali wa peke yake na harufu inayojaa nyumba nzima. Livuruge kwenye maji kidogo mpaka nyama iachane na kokwa, lichuje, na ulitie mahali pa pasheni kwa kiasi kile kile, ila uongeze shira vijiko viwili kwa kila fungu. Ukwaju nao unakubali, lakini ugandishe maji yake mazito kwenye vibao na usiutie zaidi ya robo ya mchanganyiko, vinginevyo utakuwa umetengeneza zile barafu za ukwaju za watoto, ambazo ni nzuri ila si kokteli.

Stafeli ni tunda zuri sana kwa kuganda kwa kuwa nyama yake ni laini kama sufi, lakini mbegu zake zina sumu na hazifai kusagwa hata moja. Zitoe kwa mkono, moja moja, na kama huna subira hiyo chagua tunda jengine. Ndizi moja mbivu katika kila fungu huongeza ulaini na husaidia pale unapotaka kupunguza shira kwa ajili ya mgeni mwenye kisukari. Hata hivyo mwambie mgeni huyo ukweli, kwamba isiyotiwa shira haina maana kuwa haina sukari, kwani embe na ndizi zina yake.

Tikiti maji nimelijaribu mara mbili na sitalirudia. Karibu lote ni maji, likiganda huwa barafu tupu yenye rangi. Chungwa huwa chungu likisagwa na ngozi yake nyeupe. Nanasi bichi halipatani na maziwa, kwa sababu lina kimeng'enya kinachovunja protini, na baada ya muda mfupi kinywaji huwa kichungu na kukatika. Anayetaka maziwa alichemshe nanasi kwanza, nguvu hiyo ife.

Anayependa ladha ya nazi aache maziwa kabisa, atumie tui la kwanza: kikombe kimoja cha tui zito, nusu kilo ya nanasi lililoganda, shira nusu kikombe na ndimu moja, kwa gilasi nne. Tui na shira viwe vya baridi ya friji, si ya friza, na usage kwa muda mfupi tu, kwa sababu mafuta ya nazi yakipigwa sana katika baridi hujikusanya yakawa vijipunje vinavyoganda kwenye kaakaa. Hii ndiyo piña colada ya watu wa Puerto Rico ikiwa haina ramu, na kwa viungo vyake vyote kutoka shambani kwetu sioni kwa nini tuiite ya kigeni.

Kuandaa mbele ya wageni

Usiitoe pamoja na biriani. Baridi kali huuziba mdomo, na samli ya biriani ikikutana na barafu huganda kwenye ulimi. Ngoja nusu saa baada ya chakula, wakati visheti na kahawa bado havijaletwa, kisha leta gilasi zote kwa pamoja juu ya sinia, si moja moja, ili wa mwanzo asimalize wakati wa mwisho hajapata. Wakubwa waanze, kama ilivyo kila kitu ndani ya nyumba zetu, na mzee asiyependa baridi mwekee yake pembeni dakika kumi, ilegee. Ikiwa unaitoa pamoja na vileja au kaimati, ongeza ndimu nusu kwenye kila fungu, kwa sababu utamu juu ya utamu huchosha baada ya vijiko vitatu. Juu weka jani moja la nanaa au kipande chembamba cha nanasi kwenye ukingo wa gilasi, basi. Vile vimiavuli vya karatasi waachie hoteli za Nungwi.

Kinachobaki usikirudishe kwenye kopo kubwa. Kimimine kwenye vikombe vidogo, uchomeke kijiti katikati ya kila kimoja, na ukisukume nyuma kabisa ya friza, chini ya nyama, kwani sikukuu ya tatu na ya nne watoto bado wanakuja na wakati huo mkono wa Idi umekwisha.